Kuta Tisa: shajara ya mradi wangu wa kupiga picha viwanja vya besiboli

Machi 22

Nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kuta tisa, picha tisa, msimu mmoja. Tisa kwa sababu timu ya besiboli ina wachezaji tisa uwanjani na mechi ina awamu tisa. Pia siku zangu za likizo na pesa ya mafuta haziruhusu kumi.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimehamia Columbus, Ohio, huu ni mwaka wa kumi na moja. Besiboli niliipenda kwa masikio kabla ya macho. Mwaka wa kwanza nilifanya kazi ya usiku ghalani, na mzee mmoja wa zamu yetu alikuwa akiweka redio ndogo juu ya makreti. Miaka ile timu ya Cleveland ilipokuwa ikisafiri kwenda Seattle au Oakland, mechi ilianza kama saa nne usiku kwa saa za huku, ndiyo kwanza sisi tunavaa glovu za kazi. Sikujua sheria hata moja. Nilichokielewa ni sauti: mtangazaji ananyamaza, gongo la kupigia mpira linalia, maelfu ya watu wanavuta pumzi pamoja, halafu ama shangwe ama mguno. Marehemu baba alikuwa akiisikiliza Simba na Yanga namna hiyo hiyo, sikio limeegemea redio ya mbao, mkono umenyooshwa kutuambia watoto tutulie. Usiku wa kwanza pale ghalani nilijiona nimerudi barazani kwetu.

Nilipokuja kuingia uwanjani kwa miguu yangu, kilichonishika ni ukuta.

Nieleze. Katikati, besiboli imepimwa kwa ukali. Kutoka besi hadi besi, vile vituo vinne anavyozunguka mpigaji, ni futi 90. Kutoka anaposimama mrushaji hadi besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, ni futi 60 na inchi 6. Ni hivyo Boston, ni hivyo Tokyo. Lakini ukitoka kwenye mraba ule ukavuka majani kwenda kwenye ukuta wa nje, hakuna kipimo kimoja. Viwanja vya zamani vilijengwa katikati ya mitaa, na ukuta ukasimama pale ardhi ilipoishia: kwenye barabara, kwenye reli, kwenye ua wa mtu. Uwanja wa zamani wa Washington, Griffith Stadium, ukuta wake wa katikati ulipinda kuingia ndani kwa sababu ya nyumba tano ambazo wenyewe hawakuuza. Kwa hiyo mpira ambao mji huu ni homurani, yaani umevuka ukuta na mpigaji anazunguka besi zote, mji ule unadakwa kwa mkono mmoja.

Nilipolifahamu hilo niliikumbuka chandimu ya Ngamiani, mtaa wetu kule Tanga. Kiwanja chetu kilikuwa uchochoro. Mpira ukipanda bati la jirani, aut. Ukigonga mwembe ukarudi, cheza. Hakuna aliyekaa chini kuziandika sheria zile, uchochoro ndio uliozitunga. Kumbe na huku, kwenye mchezo wa kulipwa wenye mabilioni ya dola, wana kitu hicho hicho na kina jina rasmi: sheria za uwanja. Kila uwanja na zake. Tangu siku ile nikawa wa mchezo huu moja kwa moja.

Masharti ya mradi: lenzi moja tu, milimita 35. Nisimame nyuma ya besi ya nyumbani, au karibu nayo kadiri nitakavyoruhusiwa. Ukuta wote uonekane, kutoka nguzo ya kushoto hadi ya kulia kama inawezekana. Nisikatekate picha nyumbani.

Hali: 0 kati ya 9.

Aprili 12. Columbus

Nimeanzia nyumbani, Huntington Park, wanapocheza Columbus Clippers. Hii ni timu ya ngazi moja chini ya ligi kuu, vijana wake wakiiva wanapelekwa Cleveland. Uwanja ulifunguliwa 2009. Kabla ya hapo walikuwa Cooper Stadium, upande wa magharibi wa mji, uliojengwa 1932, na wazee wa hapa bado wakiutaja wanashusha sauti kidogo. Huku kuna usiku ambao soseji katika mkate inauzwa senti 10, na foleni yake inazunguka nusu ya uwanja.

Leo nilikwenda kujifunza namna ya kuushinda wavu. Siku hizi nyuma ya besi ya nyumbani kuna wavu wa kuwakinga watazamaji, na kwenye viwanja vyote vya ligi kuu umevutwa mbali sana pande zote mbili. Ni jambo jema, mpira uliopigwa vibaya unaweza kumvunja mtu taya. Lakini kwa mpiga picha ni mistari myeusi juu ya kila kitu. Mwanzoni nilifunga tundu la lenzi hadi f/8, nikidhani nahitaji kila kitu kionekane vizuri, na picha zote kumi na nne zikatoka kama nimepiga nikiwa ndani ya banda la kuku. Dawa yake ni kinyume: fungua hadi f/2, gusisha mdomo wa lenzi kwenye wavu kabisa, lenga mbali. Kwa milimita 35 ukilenga ukuta ulioko futi 400, f/2 bado inakupa ukali wa kutosha kuanzia kwa mrushaji hadi mawinguni, na wavu unayeyuka.

Ukuta wa Columbus ni mpole. Upande wa kushoto kuna jengo la matofali lenye viti hadi juu ya paa, na watu wanakaa kule na vinywaji vyao kama wako darini kwao. Nimepata picha moja ninayoiamini. Saa kumi na mbili na robo jioni, kivuli cha jukwaa kimeshameza eneo la ndani, jua limebaki kwenye matofali.

1 kati ya 9.

Mei 3. Pittsburgh

Saa tatu za barabara. Nilifika mapema nikavuka kwa miguu daraja la Roberto Clemente, ambalo siku za mechi hufungwa magari yasipite. Daraja ni la manjano, chini yake mto Allegheny, na ng'ambo ndiyo PNC Park. Nimeona viwanja vingi sasa na nasema bila kusita: huu ndio mzuri kuliko vyote Marekani. Ulifunguliwa 2001, na waliouchora walikuwa na busara ya kuufanya mdogo na kuuelekeza mjini.

Hapo pana jambo ambalo mpiga picha lazima alijue. Kitabu cha sheria za besiboli kinapendekeza mstari kutoka besi ya nyumbani kupita kwa mrushaji hadi besi ya pili uelekee mashariki kaskazini-mashariki, ili jua la alasiri lisimpige mpigaji machoni. Kwa hiyo kwenye viwanja vingi jua la jioni liko nyuma yako upande wa kushoto, na mdakaji wa upande wa kulia kule mbali ndiye anayeteseka nalo. Pittsburgh hawakufuata. Uwanja unatazama kusini-mashariki, mtoni, na jua likishuka linatoka mgongoni kwako na kwenda kuyapiga majengo marefu ya mji ng'ambo ya maji. Kuanzia saa moja na nusu jioni kwa dakika ishirini hivi, vioo vya majengo vinageuka shaba. Nililia. Sioni haya kuliandika.

Ukuta wa kulia una kimo cha futi 21, kwa makusudi. Roberto Clemente wa Puerto Rico alicheza upande ule kwa miaka 18 akivaa namba 21. Desemba 31, 1972 alipanda ndege iliyobeba misaada ya watu wa Nicaragua waliopatwa na tetemeko, ndege ikaanguka baharini. Alikuwa amemaliza msimu akiwa na mipigo 3,000 kamili iliyomfikisha besi. Mji umemjengea kumbukumbu kwa kimo cha ukuta, na kila mpira unaogonga pale na kurudi uwanjani badala ya kuwa homurani, unamtaja.

Na pale chini, Aprili 26, 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs, akapiga mpira uliomfikisha besi ya kwanza. Nilikuwa ghalani nikisikiliza. Niliweka boksi chini.

Picha zaidi ya mia mbili. 2 kati ya 9, nadhani na nusu.

Mei 5

Kadi ya kumbukumbu imekufa. Kompyuta haiisomi. Nimejaribu programu tatu za kuokoa mafaili, zimetoa picha nne: mbili za daraja, moja ya kiatu changu, moja ya ukuta wa Clemente kabla jua halijafika. Muuzaji aliyeniuzia kama kadi halisi hapokei simu. Kuanzia leo kadi mbili kwa wakati mmoja, na kila usiku nakili kwenye diski kabla sijalala.

Nimerudi kwenye 1 kati ya 9. Pittsburgh nitarudi. Nafahamu hata tarehe nitakayorudi, nitaieleza ikifika.

Juni 7. Detroit

Kona ya Michigan na Trumbull. Watu wa Detroit wanasema "Kona" tu na wanaelewana. Hapa ulifunguliwa uwanja Aprili 20, 1912, siku ile ile na Fenway Park wa Boston, na timu ya Tigers ilicheza hapa hadi Septemba 27, 1999. Barabara ya Trumbull iliubana upande wa kulia, kwa hiyo walipotaka viti zaidi ghorofa ya juu ikajengwa ikining'inia futi 10 ndani ya uwanja. Mdakaji aliyeko chini alikuwa akisubiri mpira uliokuwa unamwangukia kabisa, mara unapotelea kwa watazamaji juu ya kichwa chake. Homurani. Katikati nako ukuta ulikuwa futi 440, mbali mno, na mlingoti wa bendera ulisimama ndani ya uwanja wenyewe, sehemu ya mchezo.

Walimaliza kuubomoa 2009. Miaka iliyofuata watu wa kawaida, bila kulipwa, walikuja na mashine zao za nyumbani kukata majani na kusawazisha udongo ili besi zibaki mahali pake. Sasa pana kiwanja cha vijana kilichofunguliwa 2018, majani ya bandia, majukwaa madogo. Mlingoti ni ule ule.

Nilifika asubuhi, watoto wa umri wa miaka kumi wakicheza. Masharti yangu yanasema nipige ukuta, na ukuta haupo. Nikaulenga mlingoti kutoka nyuma ya besi ya nyumbani. Kwa milimita 35 unaonekana mwembamba kama sindano. Baba mmoja alinisogezea kiti na kuniambia babu yake alikuwa akimleta hapa kwa basi. Hakusema zaidi, akarudi kumtazama mwanawe.

Nimeikubali. 2 kati ya 9.

Juni 28. Chicago

Safari hii nimekwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka kumi na miwili, mzaliwa wa Columbus. Anacheza besi ya pili kwenye timu ya mtaani kwao. Saa sita ndani ya gari na alizungumza tano. Nilimsimulia kuhusu watoto wa Lugazi, Uganda, ambao mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania, na jinsi walivyoifunga timu ya Oregon 3-2. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu, ikakosa viza. Akakaa kimya muda mrefu.

"Mjomba, waliofuzu wakakosa viza, mwaka uliofuata walikuwa wameshazidi umri?"

"Baadhi yao, ndiyo."

"Basi hao ndio ningetaka kucheza nao."

Wrigley Field ni wa 1914. Haukujengwa kwa ajili ya Cubs. Wao walihamia 1916. Ukuta wake ni wa matofali na umefunikwa na mimea itambaayo iliyopandwa 1937. Mwezi wa nne mimea hiyo bado ni vijiti vya kahawia, kufika Juni ni zulia. Sheria ya uwanja: mpira ukizama ndani ya majani ukakwama, mchezaji anainua mikono yote miwili, na mpigaji anapewa besi mbili. Akiingiza mkono kuutafuta, amekubali kwamba mpira uko hai na mchezo unaendelea. Huu ni ule mwembe wetu wa Ngamiani, neno kwa neno.

Ubao wa matokeo, nao wa 1937, bado unaendeshwa kwa mikono. Mtu yuko ndani anabadilisha namba za chuma. Juu yake mechi ikiisha hupandishwa bendera, nyeupe yenye herufi ya buluu wakishinda, ya buluu yenye herufi nyeupe wakifungwa, ili abiria wa treni ya reli ya juu wapate habari bila kuuliza. Taa za usiku walikuwa wa mwisho katika ligi kuu kuziweka, Agosti 1988, na usiku wa kwanza mvua ikavunja mechi, wakaanza tena kesho yake.

Tulikuwa na tiketi za jukwaa la juu, nyuma ya besi ya nyumbani, nikapiga nilichokuja kukipiga: majani, ubao, na nyuma yake nyumba za mtaa zenye viti juu ya mapaa. Picha nzuri. Lakini kabla ya mechi kulikuwa na jambo jingine. Mpwa wangu aliomba tusimame nje, barabara ya Waveland, nyuma ya ukuta wa kushoto. Pale huwa wanakaa watu na glovu zao wakisubiri mipira inayovuka ukuta wachezaji wanapofanya mazoezi ya kupiga. Hawaoni kitu. Wanasikiliza gongo, wanatazama anga. Mpwa wangu alisimama katikati yao na glovu yake ndogo, shingo imenyooka, mdomo wazi, saa nzima na nusu. Mpira haukumjia. Hakulalamika.

Nilimpiga picha. Haimo kwenye masharti: nimesimama upande wa pili wa ukuta na kamera inatazama ndani. Usiku tukiwa hotelini aliziangalia zote, akaniuliza, "Mjomba, mbona hii ndiyo unairudia rudia?"

3 kati ya 9, na sijaamua ni ipi kati ya mbili.

Julai 19. Birmingham, Alabama

Hapa nitaandika kwa kirefu.

Rickwood Field ulifunguliwa Agosti 18, 1910, na ndio uwanja mkongwe kuliko vyote vya besiboli ya kulipwa vilivyosimama Marekani. Nilisafiri saa nane na ushee. Asubuhi saa mbili jua lilikuwa tayari kali na hapakuwa na mtu ila mzee mmoja anayepalilia kando ya lango. Nilimwomba ruhusa, nikamweleza nina mradi gani. Akanitazama usoni, akatazama kamera, akasema niende nikasimame penyewe, kwenye besi ya nyumbani, ila nisikanyage mistari.

Kwa hiyo huu ndio uwanja wa kwanza niliopiga kutoka pale hasa anaposimama mpigaji. Bila wavu, bila tiketi. Nilikaa dakika kumi kabla sijainua kamera.

Hapa zilicheza timu mbili, Birmingham Barons ya weupe na Birmingham Black Barons ya weusi. Uwanja ulikuwa mmoja, siku mbalimbali. Barons wakicheza, watazamaji weusi waliwekwa kwenye jukwaa lao upande wa kulia, mbali, juani. Mwaka 1948 Black Barons walikuwa na kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Westfield, karibu tu na hapa. Alikuwa bado yuko sekondari, akicheza wikendi hadi shule zilipofungwa. Jina lake Willie Mays. Mwaka ule timu yake ilifika fainali ya ligi za weusi, ikafungwa na Homestead Grays wa upande wa Pittsburgh, na fainali kama ile haikuchezwa tena. Jackie Robinson, mweusi wa kwanza wa zama zile kuruhusiwa, alikuwa ameingia ligi kuu mwaka uliotangulia, mlango umefunguka, na ligi za weusi zikaanza kunyauka wachezaji wake bora walipoondoka. Mays mwenyewe alikwenda akapiga homurani 660.

Juni 20, 2024, ligi kuu ilileta mechi hapa, St. Louis Cardinals na San Francisco Giants, kwa heshima yake na ya ligi zile. Mays alifariki Juni 18, siku mbili kabla, akiwa na miaka 93. Habari ilitangazwa jioni ile katika uwanja huu huu, kukiwa na mechi ya ligi ndogo inaendelea. Mimi nilikuwa kazini. Yule mzee wa redio alikuwa ameshastaafu. Alinipigia simu, akasema jina tu, tukanyamaza wote wawili.

Sasa ukuta. Rickwood una kuta mbili. Uko wa karibu, wenye magodoro, wa wachezaji wa leo. Na nyuma yake, mbali, upo ule wa zege wa 1928, mkuu, umechakaa, umepauka, nyasi zimeota chini yake. Mpira wa kuufikia ule unahitaji mkono wa ajabu. Kati ya kuta hizo mbili kuna ukanda wa ardhi ambao haukanyagwi tena na mchezaji. Nilitembea hadi pale, nikasimama nikaligusa zege. Lilikuwa la moto, lina punje punje kama kuta za chokaa za kwetu Pwani zilizoliwa na chumvi.

Nilirudi besi ya nyumbani nikapiga saa tatu kasoro, kivuli cha minara ya taa kimelala juu ya majani. Halafu nikafanya kitu ambacho tangu Chicago kilikuwa kinanisumbua. Nilikwenda jukwaa la kulia, mbali kule, nikakaa, nikapiga uwanja kutoka pale. Besi ya nyumbani inaonekana kama kitambaa kilichodondoka. Mtu aliyelipa pesa yake kuja kuutazama mchezo anaoupenda aliwekwa hapa, na alikuja, na wiki iliyofuata alikuja tena.

Wakati naondoka mzee aliniuliza kama nimepata nilichokitaka. Nikamwambia nimepata na zaidi. Akasema, "Watu wengi hawatembei kufika kule nyuma."

4 kati ya 9. Sharti la kusimama nyuma ya besi ya nyumbani nimelifuta leo. Nimelipigia mstari kwa kalamu, nikaandika badala yake: simama pale ukuta unapokutuma.

Agosti 16

Mwezi wa kazi za ziada. Hakuna safari. Nimechapisha picha nne kwa ukubwa wa inchi 16 kwa 24 kuona zinavyokaa ukutani sebuleni. Kijani ndicho kinachonishinda. Majani ya Rickwood yana manjano ndani yake, mimea ya Wrigley ina buluu, na mchapaji wa kwanza aliyafanya yote rangi moja ya chupa ya soda. Nimempelekea kipande cha karatasi chenye rangi sahihi, safari ya tatu ametoa vizuri. Dada amekuja, ametazama picha ya mwanawe kule Waveland kwa muda, kisha akaniomba nakala ya kumpelekea mama Tanga.

Septemba 6. Boston

Kwa ndege, wikendi moja. Fenway Park umeshapigwa picha na kila mtu, na nilikuwa naogopa. Ukuta wa kushoto wa kijani una futi 37 na ushee, uko futi 310 tu kutoka besi ya nyumbani kwa sababu nyuma yake ni mtaa wa Lansdowne na mtaa haukuwa wa kusogezwa. Ufupi wa ardhi wameulipia kwa urefu wa ukuta. Hadi leo una ngazi ya chuma iliyobaki kutoka enzi walipokuwa wakipanda kutoa mipira kwenye wavu wa juu. Juu yake tangu 2003 kuna viti.

Nilipofika nilielewa kwa nini kila mtu anaupiga. Ukuta ule hautazamiki kwa nusu jicho. Lakini nimegeuka kulia, kwenye viti vya mbali, ambako kati ya maelfu ya viti vya kijani kuna kimoja chekundu: sehemu ya 42, safu ya 37, kiti cha 21. Ndipo ulipoangukia mpira wa Ted Williams, mpigaji wa Boston, Juni 9, 1946, futi 502. Nimesimama karibu na kiti hicho, na ukuta wa kijani ng'ambo unaonekana kama mstari. Hii ndiyo picha yangu ya Boston. Nimeridhika nayo sana.

5 kati ya 9.

Oktoba 13. Pittsburgh tena

Hii ndiyo tarehe niliyoisema.

Kabla ya PNC Park, kabla ya uwanja wa mviringo uliobomolewa kuupisha, Pirates, timu ya Pittsburgh, walicheza Forbes Field, mtaa wa Oakland wa mji huu, kuanzia 1909 hadi 1970. Homestead Grays nao walicheza pale. Leo ni eneo la Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Besi ya nyumbani iko ndani ya jengo la madarasa, chini ya kioo sakafuni, wanafunzi wanapita juu yake na mikoba yao. Na nje, kando ya barabara, kipande cha ukuta wa matofali kimebaki, chenye mimea, pamoja na mlingoti wa bendera.

Oktoba 13, 1960, mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali, Pirates na New York Yankees. Katika michezo sita ya kwanza Yankees walikuwa wamefunga mno, na bado ilikuwa tatu kwa tatu. Awamu ya tisa matokeo 9-9. Saa tisa na dakika 36 alasiri Bill Mazeroski, mcheza besi ya pili anayesifika kwa kudaka na wala si kwa kupiga, aliupiga mpira wa mrushaji Ralph Terry ukavuka ukuta wa kushoto. Yogi Berra wa Yankees alisimama chini yake akiutazama ukienda. 10-9.

Mwaka 1985 mtu mmoja alikuja kukaa peke yake chini ya mlingoti siku ya Oktoba 13 na kusikiliza kanda ya utangazaji wa redio wa mchezo ule, mwanzo hadi mwisho. Miaka iliyofuata wengine wakamfuata. Mpaka leo wanakuja.

Nilifika saa sita mchana. Viti vya kukunja, mablanketi, kofia za zamani, watoto wanaozunguka zunguka. Kanda huanza saa saba ili mpigo ule uangukie kwenye dakika yake yenyewe. Mpwa wangu alikuwa nami, dada alimwombea ruhusa shuleni. Alikaa kwenye majani, glovu mapajani.

Nilipiga ukuta mapema, mwanga ukiwa bado laini. Kisha nikaweka kamera chini nikasikiliza, maana sauti ile naijua. Mtangazaji, gongo, pumzi za watu. Matokeo yanajulikana tangu kabla sijazaliwa, na bado Yankees walipokuwa wakisawazisha mwanamke aliyekaa mbele yangu alishika shavu. Mbele yake mzee mmoja alikuwa amefumba macho, mkono umenyooka kidogo hewani, kiganja chini, anawatuliza wajukuu.

Nilitambua mkono ule kabla ya kutambua kitu kingine chochote.

Nikaiinua kamera. Nikaupa ukuta mgongo, mabega yangu yakigusa matofali, nikawa natazama upande ilikokuwa besi ya nyumbani, juu ya vichwa vyao wote, kuelekea jengo lenye kioo sakafuni. Mpwa wangu alikuwa amegeuza uso juu, anga ya upande wa kushoto, anautafuta mpira. Dakika ya 36. Nilibonyeza mara moja.

6 kati ya 9. Nimenakili kwenye diski mbili usiku huu huu. PNC bado nadaiwa, nimeuhamishia mwezi wa tano mwakani, tiketi ya jioni. Zitabaki Camden Yards wa Baltimore, wenye ghala refu la matofali la reli nyuma ya uwanda wa kulia, na Hinchliffe wa Paterson, New Jersey, uwanja wa ligi za weusi wa 1932 uliofunguliwa upya 2023. Hinchliffe mpwa wangu amesema lazima awepo.